Maziwa ya Moto Hayapimwi

Vijana wa kanisa letu, mmeniomba niwaandikie juu ya kazi niliyoifanya maishani, nami nimekubali kwa sababu magoti yangu hayaniruhusu tena kukataa jambo na kuondoka haraka. Nilikuwa mpokeaji wa maziwa hapa Kiirua, kwenye kibanda cha ushirika kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Ni miaka thelathini na kitu. Watu hudhani kupokea maziwa ni kumimina tu, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo wiki ya kwanza. Kumimina ni kazi ya mkono. Kazi yenyewe inataka pua, inataka jicho na inataka subira, na katika hizo tatu mimi nilijaliwa mbili.

Nianze na pua, maana hiyo haikuwahi kuniaibisha. Mfuniko wa mtungi ukifunguliwa, una nafasi moja ya kunusa kabla upepo wa mlima haujaichukua harufu. Ukichelewa, unanusa upepo. Tulikuwa na mchungaji zamani aliyefuga ng'ombe wawili, na msimu wa kabichi akawa anawalisha majani ya kabichi kabla ya kukamua. Kabichi haina siri, inaingia moja kwa moja kwenye maziwa. Nilimrudishia mtungi mzima mbele ya waumini wake. Akanitazama, akasema kwa upole kwamba Bwana ametoa na mpokeaji ametwaa, akabeba maziwa yake akarudi nyumbani. Nilimpenda sana mtu yule. Nanyi mkifuga, kabichi mpeni ng'ombe baada ya kukamua.

Baada ya pua, kuna laktomita. Hicho ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na namba juu, unakitumbukiza kwenye maziwa kinaelea. Maziwa mazito hukiinua, maziwa yenye maji hukiacha kizame. Ikisoma ishirini na nane kwenda juu, pokea. Ikishuka chini ya hapo, maziwa yamepitia mtoni. Ni chombo chepesi kuvunjika. Katika utumishi wangu nimekalia laktomita mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa nikilalamika juu ya mtu. Siku hizi wameleta mashine yenye kioo cha namba, unaipa maziwa kidogo inakusomea kila kitu na mkulima anapata ujumbe kwenye simu. Ni mashine nzuri. Sijui kama huwa inauliza maziwa yametoka wapi na yametembea umbali gani.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Nyaga, mtu wa Kanja kule Embu, ambaye kazi ilimleta Kiirua akiwa kijana ikamweka hapa hadi alipostaafu. Kiswahili chetu kilikuwa cha kazini, kwa kuwa yeye nyumbani alisema Kiembu na mimi Kimeru, na kila mmoja wetu aliamini lugha ya mwenzake ni yake iliyoharibiwa. Siku yangu ya pili nilitaka kutumbukiza laktomita kwenye maziwa yaliyokuwa bado yakitoa mvuke. Akanipiga mkono.

"Ile ya moto haipimwi," akasema. "Itakudanganya. Wacha ikae kwanza."

Ni kweli, na ni somo ambalo wengi wenu hamtalisikia tena. Maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi ni mepesi, yana joto na yana hewa ndani. Laktomita huzama kama vile yametiwa maji, hata kama hayajaguswa na tone. Yaache saa mbili, yapoe, ndipo upime. Mzee Nyaga aliyasema hayo mara moja, na hakuyarudia, kwa sababu hakuwa mtu wa kurudia.

Niliyashika kwa mwaka mmoja au miwili, kisha yakanitoka, na sababu yenyewe ni ya kijinga. Wakulima wetu walitoka mbali. Wengine walitembea saa nzima na mitungi mgongoni, wengine walileta na punda, baadaye na pikipiki, na baridi ya asubuhi ya huku kwetu mnaijua. Maziwa yalifika yakiwa yamekwisha kupoa njiani. Miaka ikapita bila mimi kuona mvuke kwenye mtungi, na kanuni usiyoitumia huenda ikalala mahali usipoijua. Isipokuwa kulikuwa na mama mmoja ambaye hakutoka mbali.

Mama Gacheri aliishi ng'ambo ya barabara. Kutoka kwenye zizi lake hadi meza yangu hazizidi hatua hamsini. Basi, kama mnavyotarajia, ndiye aliyechelewa kila siku. Tukishapokea ya watu wa mbali wote, dereva ameshawasha lori la maziwa, ndipo ungemsikia akivuka barabara na mtungi, kanga imeanguka begani, akiita, "Baba Mwenda, usiniache, mimi niko hapa tu." Kuwa hapo tu ndiko kulikomponza. Na akifika hakuweka mtungi akaondoka, la. Alikueleza kwanza ndama ameamkaje. Dereva anapiga honi, mimi nimeshika daftari, yeye yuko kwenye ndama.

Ni muumini mwenzangu, tena wa kikundi kimoja cha maombi, kile cha Alhamisi. Huko nako alikuwa vilevile. Akipewa nafasi ya kuomba, aliomba kwa ajili ya kila mtu kwa jina, kisha watoto wao, kisha ng'ombe wao, na ng'ombe pia kwa majina. Ushuhuda wake Jumapili ulikuwa na sehemu ya kwanza na ya pili. Siwafichi, alinichosha. Bado yuko hai, mnamjua, na mpaka leo akija mahali anakuja mwisho. Nawaambia haya ili mjue moyo wangu ulikuwaje kabla sijayagusa maziwa yake. Mtu aliyekwisha kukuudhi, kosa lake hulitafutii ushahidi mwingi.

Asubuhi moja nilimpimia maziwa. Kwa kawaida aliyechelewa nilimpokea bila kupima, ila siku hiyo nilikuwa nimekasirika, nikasema leo nitapima. Laktomita ikasoma ishirini na tano. Kesho yake nikapima tena, ishirini na sita. Siku ya tatu, ishirini na tano. Nikajiambia, kumbe. Mama wa maombi marefu, kumbe anapita mtoni.

Sheria ya kazi ilikuwa wazi. Maziwa yakisoma hivyo, unamrudishia mwenyewe na unamweleza kwa nini. Mimi sikumrudishia. Nilimimina, nikaandika kwenye daftari kama kawaida, nikamwambia siku njema. Nilijiona mtu wa subira sana. Nilijiambia huyu ni dada katika imani, nitamchukulia, nitamstahi. Na afadhali ningemrudishia, maana angebisha. Angepiga kelele hapo mezani, ningepima tena kumwonyesha, na katika kubishana kule maziwa yangepoa na ukweli ungejulikana. Lakini nilimnyamazia yeye, kisha nikaenda kusema kwa wengine.

Nilianza na dereva, kwa sababu alikuwa karibu. Nikamwambia mke wangu jioni. Kisha nikafanya lile ambalo sisi watu wa kanisa tunalifanya vizuri kuliko watu wengine wote. Alhamisi moja Mama Gacheri hakuja kwenye maombi, alikuwa na ng'ombe anayezaa. Kiongozi akauliza kama kuna haja za kuombea. Nikainua mkono, nikasema tumkumbuke dada yetu Mama Gacheri, ana jaribu. Wakauliza jaribu gani. Nikasita kidogo, kama mtu asiyependa kusema, halafu nikasema ni mambo ya maji kwenye maziwa, tusiliseme, tuliombee tu.

Tukainamisha vichwa tukaliombea. Tulikuwa tisa pamoja nami. Na mzee wa kanisa nilimwambia faragha, na jirani mmoja aliyeniuliza kama ni kweli. Ukiwahesabu na dereva na mke wangu ni kumi na watatu, ila mke wangu alikuwa mmoja wa wale tisa, kwa hiyo ni kumi na mmoja ukinitoa mimi. Nimehesabu mara nyingi.

Hakuna aliyemwambia kitu. Tulikuwa Wakristo wastaarabu. Lakini chai ya kanisa, ambayo miaka yote ilipikwa kwa maziwa yake kwa kuwa yuko karibu, ikaanza kupikwa kwa maziwa ya mtu mwingine. Ulipofika wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, jina lake lilitajwa, maana akina mama walimpenda kwa kutembelea wagonjwa. Sauti moja ikasema, "Hapo tungoje kwanza." Hakuna aliyeuliza tungoje nini. Jina likapita. Nilikuwa nimekaa nyuma yake safu moja, nikamwona akipiga makofi kwa kila aliyechaguliwa.

Baada ya hapo alihamia kiti cha karibu na mlango. Ushuhuda ukakoma. Alhamisi akiombwa aombe, alisema maneno mawili akasema amina. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba ibada sasa inaisha mapema. Kwa miaka miwili nilishukuru.

Ndipo ikaja siku ya lori. Lilipata hitilafu njiani likitoka Meru, dereva akapiga simu kwamba atachelewa sana. Nilikuwa nimekwisha kupokea yote, na mtungi wa Mama Gacheri ulikuwa wa mwisho kama kawaida, umesimama peke yake kando ya meza. Nilikaa kungoja. Jua likapanda, likakosa nguvu kama kawaida ya huku. Sikuwa na la kufanya, na mtu asiye na la kufanya huchokonoa. Nikasema acha nipime ya huyu mama, dereva akija nimwonyeshe. Nilitaka kumwonyesha, hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Laktomita ikasoma ishirini na tisa.

Niliitoa nikaifuta. Nikapima tena, ishirini na tisa. Nikachukua laktomita nyingine kwenye sanduku, nikapima mara ya tatu. Nikagusa mtungi kwa kiganja, ulikuwa baridi. Saa mbili kabla, ulipowekwa hapo, ulikuwa na joto la ng'ombe. Nilikaa kwenye kiti, na safari hii sikukalia kitu. Nilimsikia Mzee Nyaga kana kwamba yuko mlangoni.

Nilimpigia simu kule Kanja siku ileile. Alikuwa mzee sana tayari, sikio moja limekufa, ilibidi nipaze sauti hadi watu wa duka la jirani wakageuka. Nikamweleza. 

"Na wewe ulikuwa na haraka gani?" akauliza.

Nikasema lori.

"Lori haina haraka. Dereva ndiye iko na haraka. Wewe kazi yako ilikuwa kungoja." Kisha akaniuliza mvua imenyesha huko, nikajua amemaliza.

Nikaamua kuwarudia niliowaambia. Msidhani ni ushujaa. Nilisikia aibu, na aibu ikikaa ndani haikuachi ule. Nilikwenda kwa miguu, boma kwa boma, baada ya kazi, kwa majuma matatu. Nilisema maneno yaleyale: niliyosema juu ya maziwa ya Mama Gacheri si kweli, nilipima yakiwa moto, kosa ni langu.

Hapo ndipo nilipochoka uchovu ambao haujanitoka. Mmoja alikuwa amesahau kabisa, na nilipomkumbusha ili nimkanushie, nikaona kwamba sasa atakumbuka. Mmoja alicheka akasema kumbe na nyinyi wapimaji mnapimwa. Dereva alisema yeye aliwaambia madereva wengine, na hao wengine ni wa Nanyuki, nimfuate nani. Mzee wa kanisa alinisikiliza vizuri, akaniwekea chai, akasema, "Baba Mwenda, nimekusikia. Lakini lisemwalo lipo." Nikamwambia halipo, mimi ndiye niliyelisema. Akarudia kwamba kama halipo, laja. Nililia kidogo nikirudi nyumbani. Ilikuwa ni mteremko, hakuna aliyeniona.

Nawaona siku hizi kwenye kundi la simu la kanisa. Huyu anaimba vibaya, yule hatoi, mwalimu wa kwaya anapendelea, mzee fulani anasinzia. Halafu mnaweka zile alama za mikono inayoomba. Nimechoka kuzisoma, na kuchoka kwangu si kwa sababu nyinyi ni wabaya. Najua mlikojifunzia. Tunahubiriwa tuchukuliane, na sisi tunaelewa kwamba kuchukuliana ni kutomwambia mwenyewe. Mimi nilidhani nina subira na Mama Gacheri. Subira ingekuwa kuuacha mtungi ukae. Au kumwambia, mama, maziwa yako yanasoma chini, hebu tutazame pamoja. Ingenigharimu honi mbili za dereva.

Nilipomaliza wale kumi na mmoja nilikaa nyumbani kama mtu aliyemaliza kuvuna. Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

"Umezunguka Kiirua yote," akasema, "umeacha hiyo boma moja unaona kutoka kazini."

Nikamweleza kwamba nimelifikiria hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kusikia, kwa nini nimpelekee kidonda ambacho hana? Nilikuwa nimeipanga vizuri hoja ile, ilikuwa na upendo ndani yake.  Mke wangu aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, na kila jiwe alilitupa kwenye bakuli la bati, nikashindwa kukaa.

Nilivuka barabara saa kumi jioni. Mama Gacheri alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe kwa panga. Akafurahi kuniona. Akaanza mara moja kuniambia ndama ana kikohozi, na nikamwacha aseme yote, kikohozi, dawa, daktari wa mifugo asiyeshika simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikiliza hadi mwisho, na sikumsikiliza kwa wema. Niliogopa zamu yangu.

Kisha akamaliza, akanitazama, maana niliendelea kusimama.

Vijana, yale maneno niliyasema kwa dereva huku nikipangusa mikono. Kwenye maombi yalinitoka laini. Mbele ya yule mmoja yaliyomhusu, mdomo ulikataa. Nilitazama majani, nikatazama panga. Nikasema mwishoni, "Mama Gacheri, mimi nilisema unatia maji kwenye maziwa."

Akaliweka panga chini. "Ulisema wapi?"

"Kwa watu."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Si kweli. Nilipima ikiwa moto, ndiyo ikasoma vibaya. Nimewarudia wote nikawaambia."

"Lini ulisema?"

Nikamwambia ni miaka miwili iliyopita, kabla wazee wa kanisa hawajachaguliwa. Niliona akilipeleka jambo lile nyuma, polepole, kwenye chai, kwenye ile sauti iliyosema tungoje, kwenye kiti cha mlangoni. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alikaa juu ya lile rundo la majani, akashika kanga yake kwa mikono miwili.

"Kumi na mmoja," akasema. "Na wote tunasali pamoja. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Nikasema nisamehe, mama.  Alikuwa akitazama zizi.

"Miaka miwili nimeuliza Mungu nilikosea kanisa wapi," akasema. "Nimefunga. Nimetubu zile nilifanya, zikaisha, nikatubu hata zile sikufanya."

Nami jibu la maombi yake lilikuwa kwangu miaka yote miwili, ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi alikuja mpaka mezani kwangu, nikampokea mtungi, nikamwambia siku njema.